Kipande Chetu cha Mfereji

Krismasi iliyopita tulikutana wote wanne katika nyumba ya wazazi wetu, chini ya Runyenjes, pale ambapo kahawa huanza kuchoka na mahindi hushika nafasi yake. Mimi ndiye ninayekaa hapo. Wadogo zangu huja na kuondoka. Anayenifuata ni ndugu yetu wa kiume, ambaye kazi yake ni kujenga mitaro ya barabara na kuzuia mito isiingie mijini. Wa tatu ni dada, muuguzi katika hospitali moja ya Meru mjini. Wa mwisho pia ni dada, naye anafanya utafiti wa mbegu za maharagwe huko Embu. Mimi niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo tukikaa mezani kazi yangu huwa ni kusikiliza na kuongeza chai.

Siku hiyo kitinda mimba wetu alikuja na karatasi zake, akawa anazisahihisha huku anakula. Ndugu yetu alichungulia juu ya bega lake na kusoma neno moja kwa sauti.

"Kanalaizesheni. Hii ni kazi yangu. Nani amekupa ruhusa?"

"Ya kwako ni ya saruji," kitinda mimba akamjibu. "Hii ni ya maharagwe."

"Maharagwe siku hizi yanachimba mfereji?"

"Wewe kula."

Muuguzi akaingilia kati, akasema kwamba neno hilo hata hospitalini wanalo, tena wamekuwa nalo zamani. Nikauliza ni neno gani linalogombaniwa kama paja la kuku. Basi kila mmoja akanieleza la kwake, na nikaona kwamba walifurahi kuulizwa.

Ndugu yetu alisema ni kuchukua mto unaozurura na kuupa njia moja. Unaunyoosha, unaujengea kuta za mawe, unauambia upite hapa usipite pale.

"Na unasikia?" nikamuuliza.

"Unasikia mpaka siku ya mvua kubwa. Mto ulionyooka hauna mahali pa kupumzika. Wa juu wanaona maji yameisha haraka, wanafurahi. Wa chini wanayapata yote kwa saa moja."

Muuguzi aliunyooshea kijiko mguu wangu wa kushoto, ambao mwaka juzi ulivimba hadi nikashindwa kuvaa kiatu. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Alinieleza upya jambo ambalo daktari aliwahi kunieleza bila kuniangalia: kwamba damu haikukaa tu nyuma ya lile donge kungoja. Ilitafuta vitundu vidogo, ikapita kidogo kidogo, na mwili ukaendelea kulila donge lenyewe mpaka njia ikafunguka. "Lakini mshipa haurudi kuwa kama wa kwanza," alisema. "Ndiyo maana nakugombeza kuhusu ile soksi, na wewe huivai."

"Naivaa."

"Iko wapi sasa hivi?"

Ilikuwa kwenye kamba ya nguo, kwa hiyo nikamgeukia kitinda mimba. Yeye alisema mmea unaokua ni kama kitu kinachobingirika ndani ya bonde refu. Ukiunyima maji kidogo, ukiupiga na baridi kidogo, unapanda ukingo wa bonde halafu unarudi katikati. Unatoa jani lile lile na ua lile lile, kana kwamba hakuna lililoupata. Ukiusukuma kupita kiasi ndipo unavuka na kuingia bonde lingine, na hapo unapata mmea wa ajabu. Akaongeza kwamba wanaosoma akili za watu nao wana maana yao: mtoto akishazoea kukata kiu yake kwa kitu fulani, kila akiona kiu baadaye hutafuta kitu kile kile, hata kama kando yake kuna kingine kizuri zaidi.

Kisha akaweka kalamu chini. "Mfano mzuri ni sisi wenyewe," alisema. "Tulisukumwa vibaya, na bado tukatokea kuwa watu."

Alisema kwa upendo, na wenzake wakaitikia. Mimi nilimimina chai. Nilipenda alivyolisema, ila kulikuwa na kosa dogo ndani yake. Yeye alidhani bonde lilikuwepo tangu mwanzo, likitungoja. Mimi nilikuwepo siku lilipochimbwa, na yeye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Nilijaribu kuwaeleza, lakini wadogo zangu hawajui kusikiliza jambo mpaka mwisho. Ndiyo maana nimeliandika.

*

Wazazi wetu walifariki katika mwaka mmoja, baba kwanza, mama baada ya miezi saba. Nilikuwa na miaka kumi na minne, ndugu yangu kumi, muuguzi sita. Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru ambapo mashamba yalikuwa yamekwisha kupimwa na kila mtu alikuwa na karatasi ya kwake, na tuliyoachiwa sisi ilikuwa ya shamba dogo lililoinama kuelekea bondeni.

Baba mdogo alikuja kutoka Kiritiri, kule chini kwenye ukame, kwa baiskeli, amebeba gunia la ndengu. Alikuwa mtu wa mbuzi na makaa, mkimya, mwenye mikono iliyopasuka. Alikaa wiki moja, akatutengenezea paa la jiko, na siku ya mwisho akatuambia alivyopanga. Ndugu yangu angeenda naye Kiritiri kuchunga mbuzi. Muuguzi angeenda kwa mama yetu mkubwa upande wa Meru. Kitinda mimba angekaa na nyanya, ambaye siku hizo mwenyewe alikuwa akilishwa kwa kijiko. Mimi nilikuwa nimetafutiwa nyumba ya mwalimu mmoja huko Kaaga, ambako mtoto mchanga alihitaji yaya.

"Kila mmoja atakula," alisema.

"Tutakuwa wapi?"

"Mahali mahali."

Nilimwambia kwamba hatuendi. Hakukasirika. Aliniuliza tutakula nini, na nikamjibu kwamba tuna Jumatano.

Hilo alilielewa, kwa sababu alizaliwa hapo. Mfereji wetu, ambao kwa lugha yetu tunauita mutaro, ulichimbwa na watu wa rika la babu yangu. Unachukua maji mtoni, juu kabisa, unazunguka kilima na kupita nyumba kumi na moja kabla ya kurudi mtoni tena. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha kutunza. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua, mzee wa mutaro alipiga filimbi na kila nyumba ikatoka kusafisha kipande chake, na kila nyumba iliyosafisha ilipata zamu yake ya maji. Ya kwetu ilikuwa Jumatano, toka asubuhi hadi jioni. Jumatano ndiyo iliyotoa sukuma wiki yetu, kabichi, vitunguu vya kuuza Runyenjes, na nduma, yale magimbi yaliyokuwa yakitufikisha kwenye mavuno.

Lakini kulikuwa na sheria. Nyumba isiyo na jembe haina zamu. Jembe maana yake ilikuwa mwanaume. Baba akifa na kijana wake hajakua, siku yake ilirudi kwa mutaro na kugawanywa. Jirani yetu wa chini, mama mmoja mjane ambaye hakujaliwa mtoto, alinyang'anywa Ijumaa yake namna hiyo. Nduma zake alizipanda pale kwenye unyevu chini ya kilima, akawa anaishi na maji yaliyovuja.

Na kana kwamba sheria haikutosha, mvua za mwaka ule zilibomoa bega la kilima, hasa mahali kilipokuwa kipande chetu. Udongo uliteremka na mfereji wenyewe. Nyumba zote za chini zikakosa maji, wanawake wakarudi kushuka mtoni na mitungi. Asubuhi moja wazee watano wa kamati ya mutaro wakaja kupaona. Walisimama ukingoni wakitikisa vichwa, na mzee wa mutaro, aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, akasema, "Hapa panahitaji wanaume. Tutachimba sisi, na Jumatano itarudi kwa mutaro."

Nilisema ningechimba mimi.

Walicheka. Sikusikia ubaya katika kicheko chao, ila walicheka.

"Utachimba na nini, binti? Na mwiko?" mmoja aliuliza.

"Na jembe la baba."

"Jembe la baba yako ni refu kuliko wewe."

"Nitalikata mpini."

Mzee wa mutaro aliniangalia. Nadhani alikuwa akihesabu, si mimi, bali watu wake ambao wangelazimika kuchimba. Ilikuwa wiki ya kuchuma kahawa. "Siku kumi," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo. Maji yakipita, tutaongea. Yasipopita, hatuongei."

Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu akisikia yote. Alisema atarudi Jumamosi hiyo. Maji yakipita, ataondoka peke yake. Yasipopita, ataondoka na watoto.

*

Nilikata mpini wa jembe kwa panga, nikamchukua ndugu yangu, na tukaanza siku ile ile. Muuguzi alikaa kivulini na kitinda mimba, akiwa na kazi ya kumzuia asile udongo. Hakumzuia sana. Daktari wetu wa maharagwe alikula udongo wa mutaro siku kumi, na alilia kila aliponyang'anywa.

Kosa langu lilikuwa la mtu mwenye haraka. Mfereji wa zamani ulikuwa ukitoka kwenye mdomo wa juu, pale ulipokuwa umekatika, unazunguka bega lote la kilima, unakuja kutokea chini upande wa pili. Kwa nini uzunguke? Nilisimama juu nikaona mdomo wa chini pale, karibu, kama kilango cha jirani. Ukichimba moja kwa moja kushuka, safari yote inakuwa hatua kumi na mbili. Nilidhani babu zetu walikuwa na muda mwingi wa kupoteza. Tulichimba kwa siku nne, mfereji ulionyooka kama mstari wa daftari, na nikawa najisifu moyoni kwamba tungemaliza kabla hata nusu ya siku zetu kwisha.

Siku ya tano, bila kuwaambia kamati, niliyafungulia maji kidogo nione.

Yalishuka vizuri sana. Yalishuka yakiimba. Ndugu yangu alikimbia nayo mpaka chini akipiga makofi. Tulikwenda nyumbani kula, na tuliporudi mfereji wetu uliokuwa wa kina cha goti ulikuwa umefika kiunoni na bado maji yalikuwa yanakula. Yaling'oa ukingo wa chini, yakaacha njia ya mutaro kabisa, na kuteremkia shamba la nduma la mama jirani. Nilikimbilia mdomo wa juu nikauziba kwa mawe na matope na gauni langu la shule ambalo nilikuwa nimelifunga kiunoni.

Mama jirani alipanda kilima akiwa ameshika nduma tatu zilizong'oka, mizizi yake imeoshwa ikawa myeupe.

"Nani ameniletea mto nyumbani?"

Niliongeza tope juu ya mawe.

"Nduma zangu zimeoga. Zimeogeshwa mpaka zimetoka kitandani. Nani?"

"Ni mimi."

Alinitukana kwa muda, mimi na jembe langu fupi. Kisha akafika pale tulipochimba, akapaangalia juu mpaka chini.

"Sasa wewe. Hii ni mutaro ama ni njia ya mbuzi?"

"Nilifikiri maji yanapenda kushuka."

"Yanapenda. Hata wewe unapenda sukari, nikupe debe?" Aliketi juu ya jiwe. "Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Hapo ndipo nililia, mara ya kwanza tangu kumzika mama. Nilimwambia kuhusu Jumamosi, kuhusu baiskeli ya baba mdogo, kuhusu Kaaga na Kiritiri na nyanya. Alisikiliza akisugua matope kwenye nduma kwa kidole gumba. Aliponiona nimemaliza, aliniambia kwamba marehemu mume wake alichimba mutaro ule miaka thelathini, na miaka thelathini yeye alimletea uji na kukaa hapo akingoja kibuyu. "Jembe sikuruhusiwa kulishika," alisema. "Macho hawakuyafunga."

Kesho yake alikuja na panga na kukata mgomba mmoja uliokwisha kuzaa. Alibandua ganda moja refu, lililopinda kama mtumbwi, akalilaza juu ya ardhi pale mfereji ulipotakiwa kuanza kuzunguka. Akamimina maji katikati kutoka kwenye kibuyu. Maji yalikimbia upande mmoja yakamwagika. "Hapa utaharibu nduma za mtu," alisema. Akainua ncha moja kwa kijiwe, akamimina tena. Maji yakakaa tu. "Hapa utafuga vyura." Akatoa kijiwe, akaweka chembamba zaidi. Safari hii maji yalijongea, taratibu, kama mtu aliyeshiba anayetoka harusini, yakafika ukingoni na kudondoka. Akapigilia kijiti kila upande. "Chimba kati ya hivi."

Tulikwenda hivyo kuzunguka bega lote la kilima, ganda baada ya ganda. Kila tulipochimba hatua chache, aliniambia nifungue maji kidogo yatufuate. Mwanzo uzi tu, unene wa kidole. "Usiyavute," alisema. "Yaache yakufuate. Yakikataa, umekosea wewe, si yao." Yalipokataa tulirudi nyuma na kukwangua chini tena. Karibu siku yote ya kwanza ilikwisha kwa kuziba kwa mawe na matawi lile korongo nililolichimba, kwa hiyo tulibaki na siku nne za kufanya kazi ambayo nilikuwa nimepoteza siku nne kuikosea.

Siku ya pili alishika jembe. Aliangalia upande huu na upande ule kwanza.

"Wakikuona?" nilimuuliza.

"Mgongo wangu hauna kamati."

Mara nyingi wadogo zangu wakizungumza kuhusu kazi zao ninaona siku zile. Ndugu yetu akisema mto ulionyooka hauna mahali pa kupumzika, mimi naiona nduma yenye mizizi myeupe. Muuguzi akinieleza jinsi damu ilivyopita kwanza kwenye vitundu, halafu zaidi kidogo, namwona mama yule akinizuia mkono nisifungue maji yote. Siwezi kubishana nao juu ya wanayoyasoma. Lakini kila mmoja anaponieleza, anaeleza njia kana kwamba ilijileta. Na mimi kila mara nataka kuuliza ni nani aliyekuwa amepiga magoti pale na ganda la mgomba, na yeye alikuwa amepoteza nini.

*

Jumamosi ilifika tukiwa na hatua tano mbele yetu. Kamati ilikuja jua likiwa bado chini, na majirani wengine wa chini wakaja na mitungi yao mitupu. Baba mdogo alifika na baiskeli. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amefunga gunia safi la kuwekea nguo za watoto. Nililiona, ndugu yangu akaliona, na tukaendelea kuchimba.

"Siku kumi zimekwisha," alisema mmoja wa wazee.

"Mlisema Jumamosi," mama jirani alijibu. "Jumamosi ndiyo kwanza imeamka."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kudai nduma zangu."

Watu wakacheka, na wazee wakakaa chini. Katikati ya zile hatua tano kulikuwa na mzizi mnene kama paja. Ndugu yangu aliukata kwa panga upande mmoja na mimi upande mwingine, na hakuna mzee aliyeinuka. Sheria ilikuwa hivyo, kipande cha nyumba huchimbwa na nyumba. Ulipokatika nilimaliza kwa mikono, nikapiga ukingo kwa ubapa wa jembe, nikapanda kwenye mdomo wa juu na kuondoa mawe.

Maji yalianza kuzunguka kilima. Yalikwenda polepole kiasi kwamba watu waliokuwa wamesimama walikaa.

"Yamelala," mtu alisema.

"Yameenda kanisani kwanza."

"Si kesho ndiyo Jumapili? Yamewahi."

Sikucheka. Nilitembea kando yake. Kwenye kila kijiti yalisita kidogo, kama yanauliza, kisha yakapita. Baba mdogo hakuwa akiangalia maji. Alikuwa akimwangalia kitinda mimba, aliyekuwa amekaa kwenye matope mdomo umejaa udongo. Leo nikikumbuka uso ule naelewa kwamba hakujua aombe nini. Alikuwa ametuandalia mahali pa kulala. Lakini mtoto yule alikuwa wa kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baba mdogo mwenyewe walipofiwa.

Maji yalipofika katikati ya bega, mzee wa mutaro aliinuka. Alichuma jani moja kavu la mkahawa, akalitupa juu ya maji, akaanza kutembea nalo. Hiyo ilikuwa njia yao ya kupima. Jani likimwacha mzee nyuma, mfereji una mteremko mno, na mwaka mmoja utakuwa korongo. Mzee akiliacha jani, mfereji umelala, utajaa matope. Alitembea mwendo wake wa kila siku, mikono nyuma, koti likining'inia, na sisi sote tukamfuata. Kwenye kona jani liligusa ukingo, likazunguka mara moja, likaendelea. Liliingia mdomo wa chini pamoja naye. Maji yaliyoingia nalo yalikuwa meupe, hayana udongo.

Alirudi hadi kwenye kona. "Nani amepima kona hii?" aliuliza.

"Mimi," nilisema, na mama jirani akaangalia pembeni.

Mzee alimwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi, kisha akaliangalia ganda la mgomba lililokuwa limeachwa kwenye nyasi.  Alikwenda kando na wenzake, wakazungumza, akarudi.

"Jumatano inabaki," alisema. "Itakuwa ya kijana." Akamwonyesha ndugu yangu, aliyekuwa amekaa juu ya mzizi akinyonya kidole kilichokatika. "Yeye ndiye atakayefungua maji. Mutaro haufunguliwi na msichana."

Mama jirani alifungua mdomo, nami nikamshika mkono. Nilitaka maji, na jina lingeweza kungoja.

Baba mdogo alilikunja lile gunia mara nne na kulisukumia chini ya kiti. Kisha akavua viatu, akaingia ndani ya mfereji, na kuanza kupanga mawe kwenye ukingo dhaifu ulio karibu na kona. Alibaki siku mbili akifanya hivyo. "Kwetu Kiritiri," aliniambia, "mtu akipewa maji siku nzima, hatalala, ataogopa ni ndoto." Alipoondoka alikuwa peke yake kwenye baiskeli, na nyuma hakukuwa na kitu. Tulimsindikiza hadi barabarani sote wanne.

*

Mlango wa maji wa kila nyumba ulikuwa jiwe bapa lililozungushiwa udongo. Jumatano ya kwanza kamati ilimtuma mtu kuangalia. Jiwe letu lilikuwa zito kwa mtoto wa miaka kumi, basi ndugu yangu aliweka kiganja juu yake na mimi nikaliinua. Mtu yule alikubali, kwa sababu mkono wa mwanaume ulikuwepo. Tukaendelea hivyo. Kila Jumatano kabla ya shule alikuja akitafuna nduma iliyolala, akaweka kiganja, nikainua, naye akakimbia asichelewe. Ikifika saa nane mchana nilifungua upande wa chini, maji yakaenda kwa mama jirani mpaka jioni. Kamati ilijua. Walipita hapo kila siku na hawakuwahi kuuliza kwa nini Jumatano yetu ilikuwa fupi.

Ndugu yangu alifaulu mtihani wa darasa la saba na kuitwa shule ya bweni, huko huko Kaaga ambako mimi nilikuwa nipelekwe kuwa yaya. Aliondoka Jumatatu na sanduku la bati. Nilimpeleka hadi stendi ya Runyenjes, na njiani aliniuliza swali moja tu, nani ataweka mkono Jumatano. Nilimwambia asome.

Jumatano nilifika kwenye jiwe nikamkuta mzee wa mutaro amesimama hapo. Hakuwa amekuja asubuhi kwa miaka mitatu.

"Kijana yuko wapi?" aliuliza.

"Ameenda shule, Kaaga."

"Atarudi lini?"

"Disemba."

Alitazama juu, mfereji unakotokea, na chini, yalikokuwa mashamba ya watu wa Alhamisi na Jumamosi. Maji yalikuwa yamefika kwenye jiwe letu na yalianza kupanda ukingo.

"Disemba ni mbali," alisema. "Fungua."

Niliinama nikalishika jiwe. Halikuwa zito kuliko siku zile nyingine, kwa kuwa kile kiganja hakikuwahi kupunguza uzito wowote. Maji yakaingia kwenye kabichi, na mzee akasimama nami mpaka yalipofika mstari wa mwisho.